Viroba Kumi na Kimoja

Udongo wa Tabata ukiuchimba
unakupa kwanza kisoda,
kisha kipande cha kigae,
kisha mfuko wa rambo uliogoma kuoza,
na mwisho, ukibahatika, udongo.

Mimi sikupata hata pa kuchimba.
Ua wetu ulikuwa saruji toka getini hadi chooni,
wapangaji saba, kamba tatu za nguo,
na jua lililoingia saa nne, likaondoka saa tisa
kama karani wa serikali.

Nikaomba viroba vitupu vya unga dukani kwa Chausiku.
"Vya nini?"
"Shamba."
Akacheka hadi mizani ikatikisika.

Samadi niliifuata Vingunguti, machinjioni,
nikarudi nayo kichwani,
maana bodaboda wote walinusa, wakakataa.

Mchicha wa kwanza niliumwaga kwa papara,
kama anayetia chumvi mchuzi wa mgeni.
Ukaota wote, ukasongamana,
ukarefuka, njano, mwembamba kama njiti.
Hakuna aliyeniambia mboga nayo hutaka chumba chake.
Mara ya pili nilichanganya mbegu na mchanga,
konzi moja kwa nne,
nikasia taratibu, nikihesabu pumzi.

Matembele hayakudai kitu.
Vikonyo vilivyotupwa na muuza mboga
nikavichomeka jioni.
Asubuhi vimelala kama wagonjwa.
Siku ya nne vimeketi.

Maji yalikuja Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane.
Nilijifunza kutomwaga:
maji ya mchele kwa nyanya chungu,
suuzo la mwisho la nguo kwa bamia,
la kwanza hapana, lina sabuni.
Mwenye nyumba, Bwana Mkinga, akaisoma bili kwa sauti uani:
"Kuna mboga humu zinakunywa kuliko watoto!"
Jioni akamtuma mwanawe na bakuli.
Nikalijaza. Ningefanyaje?

Vidukari vilipoivamia bamia
nilitwanga mwarobaini, nikaulaza ndani ya ndoo,
nikanyunyiza alfajiri kwa chupa iliyotobolewa kifuniko.
Konokono niliwaokota usiku kwa tochi ya simu.
Kuku wa Bi Siwema
sikuwapatia dawa.

Mwaka wa pili nyumba ikauzwa.
Karatasi moja, muhuri mmoja, miezi mitatu.
Kirikuu kilipofika kupakia,
Ngwale, dereva, akatazama godoro, jiko, kabati,
kisha viroba kumi na kimoja ukutani.
"Mama, tunakwenda Chanika. Udongo upo."
Nikamwambia, "Huu nimeupika mwenyewe."
Na kweli niliupika:
maganda ya ndizi, majani ya chai, majivu,
hasira za mgao wa maji, vyote mle.

Basi tukaenda na shamba nyuma,
matembele yakipungia magari ya nyuma yetu,
ua la bamia limefumba macho kwa upepo.
Kwenye foleni ya Gongo la Mboto
mwanamke mwenye beseni la karanga akauliza,
"Fungu bei gani?"
Nikachuma pale pale, nikampa juu ya kabati,
naye akanirushia pakiti mbili dirishani
gari likishaanza kuondoka.

Pale Pugu, kwenye mlima,
kamba ikalegea, kiroba kimoja kikaruka.
Ngwale hakusimama, nyuma yetu lilikuwa lori.
Kumi vilifika.

Chanika nina ardhi ya kweli, nyekundu, hatua ishirini kwa kumi na tano.
Bado nimevipanga viroba ukutani kama zamani.
Hatujajuana vizuri, mimi na ardhi hii.
Naimwagia samadi kidogo kidogo,
naisikiliza inavyonywa.

Na kila nikishuka mjini, tukifika Pugu,
naegemea dirishani niutazame mtaro.
Kuna kijani pale, kinatambaa.
Huenda ni majani tu.